Mabosi wa Tanga mnaotuma meseji saa tano usiku, hii "sisi ni familia" yenu tumeichoka

Wakuu asalaam aleikum, na wengine habari za saa hizi. Naandika nina hasira kwahiyo mkiona narukaruka mnivumilie.

Niko kampuni moja ya uwakala wa forodha hapa Tanga, jina silitaji maana mji wenyewe ndio huu, ukipiga chafya Chumbageni unaambiwa pole Ngamiani. Mimi ni mtu wa nyaraka. Naingiza kadhia, yaani tamko la mzigo, kwenye mfumo wa forodha, nafuatilia rilizi (ruhusa ya mzigo kutoka), nahangaika kontena la mteja lisianze kula storeji, yaani gharama za kukaa bandarini. Kazi yenyewe naipenda wala sina ugomvi nayo, ugomvi wangu ni kwamba sijui tena inaisha saa ngapi.

Mkataba umeandikwa saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, Jumamosi mwisho saa saba. Toa saa ya chakula, unapata masaa 45 kwa wiki, na hayo 45 ndio ukomo wa masaa ya kawaida kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Yaani wamenikamulia mpaka tone la mwisho, halali yao, sikatai. Sasa na yale ya kwenye grupu la WhatsApp nani anayahesabu?

Maana huyu bosi wangu sijui analala lini. Saa tano usiku inaingia voisi ya dakika nne, inaanza na kikohozi, halafu "jamani naomba mnisikilize vizuri", nyuma unasikia TV yake inaunguruma. Saa kumi na moja alfajiri muadhini hajamaliza, "mzigo wa yule wa Pongwe umefikia wapi?" Na yupo jamaa yetu mmoja, sijui huwa anaishika simu kwa meno, lazima awe wa kwanza kujibu "sawa bosi tunalifanyia kazi 🙏🙏". Unalifanyia kazi wapi kaka, uko chini ya neti! Watu kama wewe ndio mnatuponza.

Sasa lililonifikisha hapa. Juzijuzi tulikuwa na hitma ya baba yetu mkubwa pale barabara ya 12. Nimekaa mkekani nina juzuu mkononi, simu kwenye mfuko wa kanzu inatetemeka mpaka mzee wa pembeni yangu ananigeukia. Bosi. Nikakata. Akapiga. Nikakata. Akapiga tena. Nikatoka nje nikasimama pale kwenye viatu vya watu, nikamwambia bosi, mzee niko hitma, nimefiwa, unajua. Akasema "oh pole sana, Mungu amrehemu, basi nitumie tu ile namba kwenye BL, dakika mbili tu hizo". BL ni ile hati ya mzigo wa meli. Nikabaki pale nakuza picha ya BL kwa vidole, namsomea namba ya kontena herufi moja moja, yeye anasema hapana rudia hiyo ya mwisho ni tatu au nane, na ndani nasikia wameshaingia kwenye dua watu wanaitikia amin. Narudi sinia za pilau zinapita. Baba mkubwa ndiye aliyenilipia ada mimi. Na jioni yake mtu huyohuyo anaandika kwenye grupu, "tuwe tunapatikana jamani, biashara haina msiba".

Biashara haina msiba! Nikaitazama ile sentensi nikasema hapa sasa tumefika pabaya.

Ukimuuliza anakwambia bandari imechangamka. Nani asiyejua? Zamani meli inatia nanga huko nje, mzigo unashushwa kwenye matishari ndio uletwe gatini, leo kina kimechimbwa mpaka mita 13, gati ni mita 450, meli inakuja kufunga yenyewe hapo, kila mtu wa Tanga kafurahi na mimi nimefurahi. Lakini kazi ikiongezeka si unaajiri? Sisi tuko walewale, meza zilezile, kilichoongezeka ni gari lake.

Na kabla hamjaniambia ndivyo sekta ilivyo, sheria hiyohiyo inasema ovataimu ni kwa makubaliano, haitakiwi kuzidi masaa 50 ndani ya wiki nne, na inalipwa si chini ya mara moja na nusu. Kazi ya kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya 5% juu. Halafu kuna mapumziko ya masaa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, na masaa 24 kila wiki. Nimejibu saa tano usiku nimejibu tena saa kumi na moja alfajiri, hayo 12 yako wapi? Mama wa rasilimali watu anasema meseji sio kazi, ni mawasiliano. Sawa, kama sio kazi mbona nisipojibu naitwa ofisini kujieleza?

Halafu wana ujanja mwingine huu mkae nao macho. Mwaka jana tumegawiwa vyeo, kila mtu meneja. Mimi Meneja wa Nyaraka, mwenzangu Meneja wa Uwanja, shilingi haijaongezeka hata ya vocha. Nikadhani ni heshima, kumbe sheria inawatoa kwenye hayo masharti ya masaa wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na wanaripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Sasa mimi namsimamia nani? Printa?

Kuna dada yetu pale ana mtoto mchanga, sheria inampa mpaka masaa mawili kwa siku ya kwenda kunyonyesha ndani ya saa za kazi. Anapanda bodaboda anakimbia Makorora anarudi anatweta, na akifika anakuta meseji tatu "upo wapi". Huyo ndio mwanafamilia. Ukiumwa familia inakuuliza ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzika, iko wapi.

Likizo ndio usiseme. Siku 28 mfululizo kwa mujibu wa sheria, mimi napewa vipande vipande kama samaki wa mafungu pale Deep Sea, na kila kipande na laptopu begani. Tumekwenda ukweni Lushoto, mtandao unakatika nyumbani nikawa napanda juu kwenye migomba kutafuta netiwaki, mama mkwe ananiona naongea peke yangu nimeinua mkono juu, akamuuliza mke wangu taratibu "mwenzio yuko sawa?" Mke naye siku hizi haulizi tena nitarudi saa ngapi. Mtoto nilimuahidi uwanja wa Mkwakwani kuwaona Coastal Union wakicheza, msimu ukapita, akapelekwa na mjomba wake.

Na kinachochekesha, watu wa Dar bado wanatutania nyie watu wa Tanga kazi yenu kukaa barazani na kahawa na kashata. Baraza gani? Baraza ya mtaani kwetu saa hizi baada ya alasiri wamebaki wazee na wenye baiskeli mbovu, sisi wengine tumeinamia simu. Wazee wetu walipiga kazi reli, bandarini, kwenye mkonge, wakirudi wamerudi, mtu anaoga anavaa msuli anashika bao na hakuna wa kumpigia. Huko Ufaransa tangu 2017 kampuni yenye watu kuanzia 50 inalazimika kukaa na wafanyakazi kujadili haki yao ya kuzima simu za kazi. Sisi hata kuisema ofisini unaonekana umekuja na uchochezi.

NYONGEZA: naona wengi mnasema acha kazi. Nikiacha ada utalipa wewe? Na aliyesema "zima tu data ukifika nyumbani", kuna mwenzetu alizima wikiendi moja, Jumatatu akakuta mteja wake kapewa mtu mwingine, na kamisheni ikaenda hukohuko. Kwahiyo ushauri wa hivyo tuuache.

Mliosema niende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi, asanteni, najua mlango uko wazi, na najua muda wa kupeleka lalamiko ni siku 30 kwa aliyeachishwa na siku 60 kwa migogoro mingine. Ninachotaka ni mtu aliyepita njia hiyo akiwa BADO YUKO KAZINI. Nimeshaanza kutunza meseji zote na saa zake, na zile simu za usiku napiga picha orodha. Je, Tume wakiziona hizo wanazihesabu kama masaa ya ovataimu, au lazima kuwe na karatasi aliyosaini mwajiri? Na mkienda watatu kwa pamoja inasaidia au ndio mnakuwa mmejiandikia barua ya kuondoka? Mwenye kujua aandike hapa au aje PM, nasoma zote, ila nitajibu kesho mchana wa saa ya chakula.