Wanaotafuta Bigfoot mbona hawaaminiani?

msomaji_tu: Wadau nafuatilia sana haya mambo ya Bigfoot kule Marekani, yule kiumbe mkubwa wa manyoya kama nyani anayesemekana kuishi misituni. Wanaomsaka wote wanatafuta kitu kimoja lakini kila mtu anaficha eneo lake na mwenzake akileta ushahidi anaitwa tapeli. Shida nini hasa?

kaka_mkubwa: Mkuu wameshaumwa na nyoka hao, kila ung'ongo wanashtuka. Nyayo za Bluff Creek, California mwaka 1958 ndo zilivumisha hilo jina, halafu Ray Wallace, mkandarasi wa barabara wa hukohuko, alivyofariki 2002 familia yake ikatoa miguu ya mbao ikasema mzee ndo alikuwa anazipiga. Na 2008 kule Georgia jamaa wawili wakadai wana mzoga wa Bigfoot kwenye friza, barafu kuyeyuka kumbe ni vazi la sokwe la raba!! Hapo unamwamini nani?

dada_wa_pwani: Na sifa pia jamani. Ile filamu ya Patterson na Gimlin ya 1967, inayodaiwa kumwonyesha Bigfoot akitembea, mpaka leo wanaibishania. Mi kinachoniuma ni mtu anamwaga plasta kwenye unyayo apate umbo lake, ikikauka anaifungia kabatini, hasemi kaipata wapi, sasa wengine wataihakiki vipi?

kaka_mkubwa: Kweli kabisa dada, angalau wangepiga picha unyayo kabla ya kumwaga plasta, na rula pembeni.