"You" ni wewe au ninyi?

Mwanzisha mada: Ndugu zangu, binti yangu wa darasa la tano aliandika kwamba maana ya "you" ni "ninyi", akakatiwa alama kwa wino mwekundu. Nashikilia kwamba hakukosea, kwani neno hilo kwa asili ni la wingi, na ndiyo maana hata leo mtu mmoja huambiwa "you are". La umoja lilikuwa "thou", ambalo Waingereza wamelipoteza pamoja na adabu yao.

Msomaji wa Tanga: Alama za mtoto nakuachia mwenyewe, ila hilo la adabu umelipindua. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na baadaye, kwa kuiga "vous" ya Kifaransa, mkubwa akawa anaambiwa "you" hata akiwa peke yake, huku "thou" likibaki la watoto, watumishi na wandani. Mwaka 1603, katika kesi ya uhaini ya Sir Walter Raleigh, mtu wa cheo huko Uingereza, mwendesha mashtaka Edward Coke alimwita "thou" mbele ya watu wote, tena akamtamkia wazi kwamba anamwita hivyo makusudi kwa kuwa ni msaliti. Nani hutukanwa kwa neno la heshima?

Mwanzisha mada: Usinifundishe adabu, ndugu yangu. Biblia ya Kiingereza ya King James nimeisoma tangu ujana, na humo Mungu huitwa "thou". Je, Mungu naye anadharauliwa?

Bibi wa Pangani: Mwanangu, ifungue hiyo hiyo, Mathayo 4:10, uone Shetani anavyofukuzwa: "Get thee hence". Hiyo "thee" ni "thou" ikiwa mtendwa. Wafasiri wake wa mwaka 1611 walifuata umoja na wingi wa Kiebrania na Kigiriki, hawakupima cheo cha anayeambiwa. Nasi husali "Baba yetu uliye mbinguni", wala sijapata kumsikia muumini akisema "mliye".

Mwanzisha mada: Shikamoo, bibi. La Shetani nimelikubali, na ndugu wa Tanga anisamehe ukali wangu. Lakini aliyemkatia binti yangu alama hajaeleza hiyo "are" imefuata nini, na kesho asubuhi nitakwenda na daftari nikamuulize.