Ulinganisho: Tangi jipya na samaki wameshaingia, njia ipi inawalinda mpaka filta ikomae?

MwambaNyasa

Wakuu, mwenye tangi jipya akiuliza hapa hujibiwa "badilisha maji, subiri wiki sita", yaani mpaka filta ikomae: ipate bakteria wa kutosha wanaogeuza amonia ya uchafu wa samaki kuwa nitriti, kisha nitrati. Kwetu tunaofuga samaki wa Ziwa Nyasa na Tanganyika jibu hilo halitoshi, kwa sababu maji yetu yana pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya juu, na pH ndiyo inayoamua ukali wa amonia.

Vipimo vya matone husoma amonia yote kwa jumla: amoniamu, ambayo samaki huivumilia, pamoja na amonia huru inayounguza mashavu (matamvua ya kupumulia). Kwa maji ya nyuzi 26, sehemu iliyo huru ni asilimia 0.6 tu kwenye pH 7. Kwenye pH 8 inakaribia 6, kwenye 8.5 ni 16, kwenye 9 ni 38. Ukitaka amonia huru isizidi 0.02 mg/L, kipimo kinaweza kusoma hadi 3 kwenye pH 7 na samaki wakahimili. Kwenye pH 8.5 mwisho wako ni takriban 0.12. Sasa kumbuka kwamba vipimo vingi huanzia alama ya 0.25: rangi ikianza tu kugeuka, mbuna wako (samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa) tayari wanaumia.

Tuchukue mfano mmoja ili tulinganishe kitu kilekile: tangi la lita 200, pH 8.4, nyuzi 26, mbuna wadogo wanane, filta mpya kabisa.

Kubadilisha maji peke yake kunawezekana, ila ni kazi ya kila siku kwa mwezi mzima na zaidi. Sponji ya filta iliyokomaa kutoka tangi la mtu mwingine naiweka ya kwanza, maana inaleta bakteria walio hai na wanaofanya kazi usiku huohuo. Bakteria wa chupa ni bahati nasibu: wengine wanafanya kazi vizuri, wengine walikufa kontena likiwa juani bandarini, na kwa kuangalia chupa huwezi kujua. Zeolaiti, aina ya madini yanayowekwa kwenye filta, inanyonya amoniamu haraka, lakini ina masharti yake. Njia ya tano, ambayo watu huichukia, ni kuwatoa samaki na kukomaza tangi likiwa tupu.

Nani anapanga tofauti?

FundiSponji

Nakubaliana na sponji, lakini wengi huiua njiani. Usiisafishe kwa maji ya bomba. Ibebe ikiwa imelowa maji ya tangi ilikotoka, ndani ya mfuko wenye hewa nyingi kuliko maji. Ukiizamisha kwenye ndoo iliyofunikwa kwa saa kadhaa, uchafu uliomo humaliza oksijeni na bakteria hufa. Saa mbili tatu njiani si tatizo ikiwa haikukauka.

Kwa mbuna wanane wadogo, omba nusu ya sponji ya tangi lenye samaki wengi kuliko wako, na usichukue zaidi ya theluthi ya vichujio vyote vya mwenye tangi, usije ukamharibia la kwake. Iweke ndani ya filta yako, mbele ya sponji mpya, mahali ambapo maji yanapita kwa nguvu. Kuiacha ielee tu tangini hakusaidii sana.

Sharti ambalo halina mjadala: tangi inakotoka lisiwe na samaki mgonjwa wala lililotiwa dawa karibuni. Ukileta sponji unaleta na vimelea vyake.

Bado pima kila siku kwa wiki mbili. Idadi ya bakteria hufuata chakula walichozoea. Ukiongeza samaki ghafla, amonia itapanda hata kama sponji ilikuwa bora.

RuvuChini

Mkuu MwambaNyasa, zeolaiti umeipitia haraka mno. Ni msaada mzuri wa dharura kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi: unaisuuza vumbi, unaiweka kwenye mfuko wa wavu ndani ya filta, na kipimo kinashuka ndani ya saa chache. Tatizo la kwanza ni kwamba inawanyima bakteria chakula, kwa hiyo tangi linachelewa kukomaa. La pili ni hatari zaidi: ukitia chumvi maji yenye zeolaiti iliyoshiba, sodiamu inachukua nafasi ya amoniamu na zeolaiti inairudisha majini kwa mkupuo. Chagua moja, zeolaiti au chumvi. Ukitaka kutia chumvi, itoe zeolaiti kwanza.

Kuhusu kubadilisha maji, hesabu ni rahisi: ukitoa nusu unapunguza sumu kwa nusu, si zaidi. Kipimo kikisoma 1 na wewe unataka 0.15, nusu tatu zinakufikisha karibu 0.13. Usizifanye zote kwa saa moja; ziachanishe saa tatu au nne, joto la maji mapya lisitofautiane na la tangi kwa zaidi ya nyuzi 2.

Maji ya bomba yana klorini, na klorini inaua bakteria uliohangaika kuwapata. Ndoo iliyo wazi yenye pampu ya hewa kwa saa 24 huondoa klorini ya kawaida. Kloramini (klorini iliyoungana na amonia) haitoki hivyo, inahitaji dawa ya kuondoa klorini. Anayetumia maji ya kisima hana klorini, ila nayo ayapigie hewa usiku kucha: mara nyingi yana kabonidayoksaidi nyingi na oksijeni kidogo, na pH yake hupanda yakishatulia. Pima pH baada ya hapo, si yakitoka tu kisimani.

MamaGapi

Mmezungumza amonia tu. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu amonia inashuka, mtu anafurahi, kumbe nitriti ndiyo inapanda. Nitriti inaingia kwenye damu kupitia mashavu na kuizuia isibebe oksijeni. Mashavu yanageuka rangi ya kahawia na samaki wanahema juu ya maji hata pampu ya hewa ikiwa inafanya kazi.

Hapa chumvi ya kawaida inaokoa. Kloraidi inashindana na nitriti mlangoni mwa shavu. Uwiano wa kulenga ni kloraidi 10 kwa nitriti 1. Gramu 1 ya chumvi kwa lita 10 inakupa kloraidi karibu 60 mg/L, inayotosha hata nitriti ikifika 6. Kwa tangi la lita 200 ni gramu 20. Pima kwa mizani, yeyusha kwenye jagi, mimina taratibu. Chumvi haivukizi pamoja na maji, hivyo ukitoa lita 60 rudisha gramu 6 tu. Anayejaza maji yaliyovukiza asiongeze chumvi.

Kipimo cha nitriti kikifika rangi ya mwisho, usidhani ndicho kiwango chenyewe. Changanya sehemu 1 ya maji ya tangi na sehemu 4 za maji safi, pima, kisha zidisha kwa 5.

Kirinyaga_Tank

Sisi wa Nairobi tuna shida ya upande wa pili. Maji ya mfereji ni laini, KH (kiasi cha kabonati kinachozuia pH isishuke) iko chini, na bakteria hula alkali wanapofanya kazi. pH ikishuka chini ya 6.5 wanazubaa, amonia inajikusanya, na samaki wanaonekana wazima kwa sababu karibu yote ni amoniamu. Kisha mtu anaona kipimo ni 4, anashtuka, anamwaga magadi ya kuokea au maji ya pH 8, na samaki wanakufa jioni hiyo. Si magadi yaliyowaua. pH ilipanda na amoniamu ikageuka kuwa amonia huru.

Mpangilio salama ni huu: kwanza punguza amonia kwa maji yenye pH ileile, kidogo kidogo, mpaka isome chini ya 0.5. Ndipo upandishe KH. Gramu 3 za magadi ya kuokea kwa lita 100 huongeza digrii 1 ya KH. Digrii 1 kwa siku inatosha, simama kwenye 4 au 5.

Mwalo

Na mimea? Huku Mwanza inapatikana bure.

RuvuChini

Mimea inayokua haraka hunyonya amoniamu vizuri, ila mbuna wengi wataitafuna. Kwa gapi (samaki wadogo, guppy) inafaa. Usiitoe ziwani wala bwawani bila kujikinga: konokono wa kichocho hukaa humohumo, na maji yenyewe ndiyo yanayoambukiza kichocho kupitia ngozi. Nunua iliyokuzwa kwenye matangi. Gugumaji usilisambaze kabisa.

MwambaNyasa

Asanteni. RuvuChini, nimeelewa kuhusu zeolaiti na chumvi, onyo hilo ni la lazima. Kwa mfano wetu naona mpango uwe hivi. Sponji siku ya kwanza. Chakula ni suala ambalo hatujaligusa: gramu 1 ya chakula chenye protini asilimia 40 hutoa takriban miligramu 30 hadi 40 za amonia, yaani karibu 0.15 hadi 0.2 kwenye lita 200. Hiyo tu inavuka mpaka wa pH 8.4. Kwa hiyo robo gramu, mara moja, siku moja ukiwapa na siku moja ukiwaacha, kwa wiki mbili za kwanza. Mbuna mwenye afya hafi kwa njaa hiyo. Kipimo kabla ya kulisha. Kikigeuka rangi hata kidogo, toa nusu ya maji na usilishe.

Asiye na sponji, na pH yake imepita 8.5, naomba awarudishe samaki dukani au kwa rafiki mwenye tangi lililokomaa. Kuwatesa wiki sita ili kulinda mpangilio wa mawe si haki.

FundiSponji

Kwa huyo atakayewatoa: mbolea ya SA (salfeti ya amonia) inafaa kulisha bakteria tangi likiwa tupu. Gramu 1.5 kwa lita 200 inatoa amonia kama 2 mg/L. Usitumie mbolea ya CAN, nusu ya naitrojeni yake tayari ni nitrati. Yurea lazima ivunjwe kwanza, kipimo hakitakuonyesha ukweli. Tangi limekomaa pale unapotia dozi hiyo na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote zinasoma sifuri. Hapo badilisha karibu maji yote, kisha rudisha samaki siku hiyohiyo, bakteria wasikae bila chakula.

Kirinyaga_Tank

Na stima ikipotea? Filta ya mkebe iliyozimwa kwa saa nyingi ikiwa imefungwa usiiwashe moja kwa moja. Fungua, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Pampu ndogo ya hewa ya USB kwenye pawabenki, ikiendesha sponji moja, inawaweka samaki na bakteria hai usiku mzima.