Mama anakuja Desemba: Biltmore tuende mchana au jioni?

BintiMoshi: Wakuu, habari za leo. Mama yangu anakuja kunitembelea kutoka Moshi, ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Nataka nimpeleke Asheville, hapa hapa North Carolina, akaone Biltmore, lile jumba la tajiri wa zamani George Vanderbilt, wakati limepambwa kwa Krismasi. Kutoka hapa Charlotte ni saa mbili na ushee kwa gari. Ninachokwama ni tiketi: za mchana, au zile za jioni za mishumaa? Za jioni bei imechangamka, mume wangu keshaanza kuguna. Halafu nasikia nyumba ina vyumba 250. Mama ataweza kweli?

Mzee_wa_Greensboro: Hivyo 250 visikutishe dada, wageni wanaonyeshwa baadhi tu. Nenda mchana. Kwenye ukumbi wa karamu dari iko juu kama mita 21, na ule mti wa Krismasi unapita mita 10. Wanausimamisha kwa kamba mapema Novemba, watu wamejipanga wanavuta kama wavuvi wanaokokota juya. Mchana mama ataona kila pambo, na bustani ataziona.

MamaWawili: Namheshimu mzee, lakini hapana. Vanderbilt aliifungua nyumba ile mkesha wa Krismasi 1895, akaalika ndugu zake, na wakati huo hata mke hana. Kuiona mchana ni kama kwenda harusini asubuhi, biriani halijapakuliwa. Jioni moto unawaka, muziki unapigwa, taa zimepunguzwa. Mkwe wangu alisimama mbele ya ule mti akashika kanga kifuani, hakusema neno.

Kibopa77: Mjue tiketi ina saa yake ya kuingia ndani. Sisi tulifika tukaanza kupiga picha nje, mara foleni ya choo, tukajikuta tunaingia mbio mbio na mtoto analia baridi. Mama mvalishe soksi mbili.

MamaWawili: Na magoti je? Viti vya magurudumu vipo pale mlangoni, ila ni vya kuwahi. Omba lifti, zile ngazi kubwa za kuzunguka mwache azitazame kwa chini. Bwawa la kuogelea na mchezo wa boling viko chini kabisa, huko usimpeleke.

BintiMoshi: Asanteni sana. Nimempigia mama, nikamwambia nyumba ina meko 65 ya kuotea moto. Kanyamaza, halafu kauliza: "Majivu alikuwa anazoa nani?"

Mzee_wa_Greensboro: 😂 Huyo mpeleke saa yoyote. Mfikishie shikamoo yangu.

BintiMoshi: Marahaba atakujibu mwenyewe. Nimekata za jioni, katikati ya wiki. Mume wangu anajua ni za mchana.