Kotesheni za bodi za saketi: bei zinapishana mara tatu, nalinganishaje?

Swichi_Pampu: Wakuu, naombeni mwongozo. Nina bodi ya kuendesha pampu ya maji: tabaka 2 za shaba, milimita 80 kwa 62, relei moja (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) ya ampia 10 kwenye umeme wa 230 V. Nataka 5 za majaribio, kisha 100. Nimeomba bei kwa viwanda vitatu vya Shenzhen, China, kwa barua pepe, mafaili ni yale yale, lakini wa juu anataka mara tatu ya wa chini. Nimwamini yupi?

Lehemu_Safi: Mkuu, bado huna bei tatu za kitu kimoja. Mafaili ya Gerber, yaani michoro ya bodi inayotumwa kiwandani, hayasemi kila kitu, na usichokitaja kila kiwanda kinajijazia chake. Mmoja atapiga hesabu ya upako wa HASL, yaani bati la kuchomelea, mwingine ENIG, yaani dhahabu juu ya nikeli, ambao ni ghali zaidi na relei yako haiuhitaji.

Andika karatasi moja, watumie wote neno kwa neno: FR-4 (ubao wa kawaida wa nyuzi za kioo), tabaka 2, unene mm 1.6, unene wa shaba mikroni 35, rangi ya kijani, HASL isiyo na risasi, tundu dogo kabisa mm 0.3, njia (mstari wa shaba unaopitisha umeme) nyembamba kabisa mm 0.2 na nafasi kati ya njia mm 0.2, kila bodi ipimwe umeme kiwandani. Hapo pa kupimwa pakazie sana. Kwenye bodi 5 njia iliyokatika utaikamata kwa mita ya kupimia umeme. Kwenye 100 utaigundua ukishachomelea vifaa vyote.

Omba bei ya 5, 30 na 100 kwa pamoja. Kazi ya kuandaa mafaili na kupanga mashine ni ile ile kwa idadi zote, kwa hiyo bei ya bodi moja huteremka sana idadi ikipanda.

Halafu angalia vizuri kotesheni ya juu: kuna mahali wameandika shaba mikroni 70?

Swichi_Pampu: Ndiyo, ipo. Niliwaambia relei inabeba ampia 10.

Nyaya_na_Shaba: Basi sehemu ya tofauti iko hapo. Kwa kanuni ya IPC-2221, kiwango cha usanifu wa bodi za saketi, njia ya nje yenye ampia 10, ikiruhusiwa kupanda nyuzi joto 10 tu, inataka upana wa mm 7.2 hivi kwa mikroni 35, au mm 3.6 kwa mikroni 70. Kwenye bodi ya mm 62 nafasi ya 7.2 unayo, tena ni njia fupi kutoka relei hadi kiunganishi. Ipanue, au ipitishe juu na chini ukiunganisha kwa matundu mengi, ubaki na mikroni 35.

Jambo jingine ni mkato unaotenganisha upande wa 230 V na upande wa volti ndogo chini ya relei. Uchore kwenye tabaka la mpaka wa bodi, upana usipungue mm 1. Ukiuchora kwenye tabaka la maandishi, kiwanda kitauchapa kama mstari mweupe na bodi itakuja bila mkato.

Kabla ya kutuma, fungua zipu yako ya mafaili kwenye GerbView, kitazamio cha Gerber kilicho ndani ya programu ya KiCad, siyo kwenye programu uliyochorea. Hakikisha faili la matundu lipo na matundu yanakaa katikati ya vishikizo vyake, yaani vipande vya shaba vya kuchomelea. Yakionekana yamekusanyika kona moja au kutawanyika nje ya bodi, mara nyingi ni inchi na milimita zimegongana. Kiwanda kikiona kosa hilo kitasimamisha kazi na kukuuliza, na siku walizokuahidi hazihesabiwi mpaka ujibu.

Mzigo_Bandarini: Linganisha bei za kufika mlangoni. Bodi yako moja ina gramu 16 hivi, kwa hiyo 100 ni kilo 1.6 kabla ya boksi. Kwa 5, usafiri wa haraka unaweza kuzidi bei ya bodi zenyewe. Forodha huanza na bei ya mzigo pamoja na usafiri na bima, kisha VAT inakuja juu yake: 18% Tanzania Bara, 16% Kenya. Na kama unalenga Januari au Februari, uliza kwanza tarehe watakayofunga kwa Mwaka Mpya wa Kichina.

Swichi_Pampu: Nimepanua njia hadi mm 7.5 na mkato nimeuhamishia kwenye mpaka. Karatasi mpya inatoka leo kwa wote watatu.