Naomba ushauri: Misa ya Krismasi ya Ryba kwa Kicheki

Wanakwaya wenzangu, habari za leo. Nasoma Prague, Ucheki, na kwaya moja hapa imenikaribisha sauti ya tatu. Tunajiandaa kuimba Misa ya Krismasi ya Jakub Jan Ryba, aliyoitunga mwaka 1796 akiwa mwalimu wa shule kule Rožmitál. Ni tamu mno! Haiimbwi kwa Kilatini bali Kicheki, na penye Kyrie (sehemu ya “Bwana, utuhurumie”) mchunga kondoo anamwamsha mkuu wake aone maajabu ya usiku ule.

Kinachonitesa ni herufi ř: unatetemesha r huku ukipuliza kama sh. Ulimi unagoma kabisa. Tena nimezoea solfa (do, re, mi), noti za mistari nazisoma polepole.

Je, nishike kwanza sauti kwa solfa, au nitamke maneno kwa mapigo bila kuimba? Mazoezi na okestra yamekaribia. Mliowahi kuimba lugha ngeni, nisaidieni.