Nimenyimwa posho ya ulemavu kwa sababu ya mshahara wa mume (Marekani). Niandike tumetengana?

Mleta mada: Habari wanajamvi. Nina ndoa, mgongo umenishinda, kazi siwezi tena. Social Security (ofisi ya hifadhi ya jamii) wamesema SSI, posho ya wenye ulemavu na kipato kidogo, sipati kwa sababu ya kipato cha mume. Nafikiria kuwaambia tumetengana. Nishaurini, usingizi sipati.

Kibuyu: Usithubutu, dada. Maadamu mnaishi pamoja, kipato chake kinahesabiwa. Kudanganya hapo ni jinai. Akiba nayo, wanandoa mkizidisha dola 3,000 mmetoka. Nyumba mnayoishi na gari moja havimo.

Mzee wa Fomu: Tumwache mume kwanza. Kuna SSDI, bima ya ulemavu ya waliofanya kazi: inatokana na kazi yako mwenyewe, mshahara wake hauigusi. Uliwahi kuajiriwa?

Mleta mada: Ndiyo, 2008 mpaka Desemba 2018, bila kukatisha. Hiyo nayo wamekataa.

Mzee wa Fomu: Kumbe barua ni mbili! Ya SSDI inasemaje?

Mleta mada: Kwamba Machi 2025, tarehe niliyoandika ulemavu ulianza, sikuwa tena na bima. Ndipo nilipoanza kutembelea fimbo. Nikibadilisha tarehe nitaonekana mwongo. Naona ya kutengana ni nyepesi zaidi.

Mzee wa Fomu: Sivyo kabisa. Krediti 40 (alama unazopata kwa kufanya kazi) unazo, ila 20 ziwe za miaka 10 ya mwisho. Kwa kuacha 2018, bima yako ilikwisha 31 Desemba 2023. Kinachotazamwa ni siku uliposhindwa kufanya kazi. Fimbo si kipimo. Ulitibiwa kabla bima haijaisha?

Mleta mada: MRI (kipimo cha picha) ya mgongo Agosti 2022. Sindano za mgongo 2023.

Jicho Kavu: Mimi nashuku uzi huu umetungwa. Kila kinachohitajika kinachomoka kikiulizwa. Na kama mgongo ni wa 2022, kazi uliacha 2018 kwa nini?

Mleta mada: Kulea mtoto. Niliona aibu, nikijua nitaambiwa mama wa nyumbani hana haki.

Mzee wa Fomu: Ofisi pia italiuliza hilo, jibu hivyo hivyo. Kuacha kazi kwa ajili ya mtoto hakufuti bima kabla ya muda wake. Jaza SSA-561, fomu ya kuomba uamuzi upitiwe upya, ndani ya siku 60 tangu upokee barua; wao huhesabu uliipokea siku 5 baada ya tarehe yake. Kwenye SSA-795, fomu ya maelezo yako, eleza tarehe mpya na sababu, na iwe ile ambayo rekodi zinaibeba. Daktari aandike hali yako ya kabla ya 2024: uliweza kukaa dakika ngapi, kusimama dakika ngapi, kunyanyua hata pauni 10 au hapana. "Ana maumivu makali" peke yake haimsaidii mtu.

Neema K: Akikubaliwa asisahau Medicare (bima ya afya ya serikali), huanza baada ya miezi 24 ya kustahili SSDI.

Mleta mada: Daktari wa sindano amehama mji.

Mzee wa Fomu: Rekodi huwa zinabaki kliniki. Omba maandishi ya kila ziara, muhtasari usiukubali. Fomu itume leo, rekodi zitafuata.